KUOMBA NAFASI YA KUSOMA NJE YA NCHI: TUJIANDAE VIPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, vijana wetu hunijia na swali moja: "Ustadh, nataka kwenda kusoma nje, nifanye nini?" Wengine huja na wazazi wao. Mwaka mmoja alikuja mzee kutoka upande wa machimbo ya Geita. Aliniambia, "Ustadh, nimeshauza ng'ombe wawili, fedha nimempa mtu atakayempeleka kijana wangu Uarabuni kusoma." Nikamwuliza, "Mzee wangu, kijana ana pasipoti?" Akasema hana. "Ana cheti cha kuzaliwa?" Akasema bado. Yule mtu hakuonekana tena, na ng'ombe wakawa wamekwenda. Kwa ajili ya mzee yule, na wengine kama yeye, nimeona somo letu la mwaka huu liwe hili.

1. SAFARI YA KUTAFUTA ELIMU KATIKA UISLAMU

Kusafiri kwa ajili ya elimu si jambo geni katika dini yetu. Katika Suratut Tawba, aya ya 122, tunafundishwa kuwa lipatikane kundi katika kila jamii litakaloifahamu dini vizuri, kisha liwaonye watu wake litakaporejea. Zingatieni neno kurejea. Katika Suratul Kahf tunasoma kisa cha Nabii Musa (a.s.), aliyefunga safari ndefu kumtafuta mja mwema ili ajifunze kwake, hali yeye mwenyewe ni Mtume.

Sahaba Jabir bin Abdullah (r.a.) alipata habari kuwa kuna mtu aliyeko Sham mwenye hadithi moja ambayo yeye hakuisikia kwa Mtume (s.a.w.). Alinunua ngamia, akafunga mizigo, akasafiri mwezi mzima hadi kwa Abdullah bin Unays (r.a.) kuisikia hadithi hiyo. Tazameni mpangilio wake: kwanza alijua anakwenda kwa nani na kutafuta nini, kisha akanunua ngamia, ndipo akaondoka. Wengi wetu leo tunaanza kwa kuondoka.

Hata katika Afrika Mashariki masheikh wetu walisafiri. Sheikh Ahmad bin Sumeit, kadhi mashuhuri wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alifika Hadhramaut, Istanbul na Cairo katika kutafuta elimu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wengi wa Unguja walikwenda kusoma Cairo. Basi njia hii ina wenyewe waliotangulia.

2. NJIA MBILI ZA KWENDA KUSOMA NJE

Wanafunzi wengi huchanganya njia hizi mbili. Ni vyema kuzitenganisha.

(a) Ufadhili wa shahada nzima. Hapa mwanafunzi anaomba kusoma chuo cha nje tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano ni Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, ambacho kimesomesha wanafunzi wa mataifa mengi kwa ufadhili. Kwa shahada ya kwanza kimekuwa kikitaka mwombaji asizidi umri wa miaka 25, na cheti chake cha sekondari kisizidi miaka mitano. Kipo pia Al-Azhar cha Misri, chenye historia ya zaidi ya miaka elfu moja. Serikali ya Uturuki nayo ina mpango wa ufadhili uitwao Türkiye Bursları, ambao maombi yake kwa kawaida hupokelewa kuanzia tarehe 10 Januari hadi 20 Februari. Kwa shahada ya kwanza mwombaji awe chini ya miaka 21, na mwaka wa kwanza hufundishwa Kituruki. Maombi ya ufadhili huu hayalipiwi hata senti moja.

(b) Mwanafunzi wa kubadilishana. Huyu tayari ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Tanzania. Chuo chake kina makubaliano na chuo cha nje, naye hupelekwa huko kwa muhula mmoja au miwili, kisha hurudi kumalizia shahada yake nyumbani. Mfano ni mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus+. Katika mpango huo mwanafunzi halipi ada katika chuo kinachompokea, na hupewa fedha za kujikimu. Maombi hupitia chuo chake mwenyewe. Kwa hiyo kijana aliyemaliza kidato cha nne hawezi kuomba njia hii, na mtu wa mtaani hawezi kumwombea. Kwanza aingie chuo kikuu, iwe Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar au Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kisha aulize ofisi inayohusika na uhusiano wa kimataifa kama kuna nafasi.

Wazazi wengi hawaifahamu njia hii ya pili, nayo ina faida kubwa. Kijana haachi nafasi yake nyumbani. Akienda anaona maabara, maktaba na lugha ngeni, na akirudi shahada yake ni ile ile ya Tanzania. Jambo moja asisahau: kabla ya kuondoka, vyuo vyote viwili vitie saini orodha ya masomo atakayosoma huko. Bila saini hizo anaweza kurudi na alama nzuri zisizohesabiwa, akarudia mwaka.

3. KOSA LANGU MWENYEWE

Nitawasimulia yaliyonipata, ili mpate mazingatio. Nilipomaliza kidato cha nne niliomba nafasi katika chuo kimoja cha nje. Nikaitwa kukamilisha vyeti. Cheti changu cha sekondari kilikuwa na jina moja, na shahada ya madrasa ilikuwa na jina hilo hilo lakini limeandikwa Kiarabu fasaha, kama vile mtu anayeitwa Athumani shuleni aandikwe Uthman madrasa. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu la Kisukuma ambalo halikuwepo kwingine kote. Machoni pa waliokuwa wakikagua, walikuwa watu watatu. Nilipewa muda wa kusahihisha, nikadharau, nikaanza kuhangaika siku zikiwa zimebaki chache. Nafasi ikapita.

Nililia, siwafichi. Baadaye Allah (s.w.) akanijaalia nikasoma stashahada hapa hapa nchini, na leo nipo nanyi. Nimeridhika na qadar Yake. Lakini kuridhika na qadar hakunizuii kusema kuwa kosa lilikuwa langu, na sehemu ya kosa ni letu sisi walimu wa madrasa, tunaoandika majina ya watoto tunavyopenda. Tangu nilipokabidhiwa daftari la wanafunzi hapa, kila shahada inaandikwa jina lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi.

4. MAANDALIZI HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: cheti cha kuzaliwa. Mzazi, usisubiri mtoto afaulu. Kiombe RITA kupitia ofisi ya wilaya. Kisha hakikisha jina analosajiliwa nalo kwa mitihani ya NECTA ni hilo hilo. Likitofautiana, mwone wakili mapema akuandalie hati ya kisheria ya kusahihisha jina.

Hatua ya pili: masomo ya sekondari. Wapo vijana wanaoacha shule kidato cha pili kwenda kusoma dini tu, na wapo wanaoacha kwenda kwenye maduara ya dhahabu. Wote wawili wanajifungia mlango. Shahada ya nje inaporudi nchini hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ili itambuliwe, na hapo huangaliwa pia mwanafunzi aliingia chuo kwa sifa gani. Mwanafunzi wa kidato cha nne asiache somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, na pale shule inapofundisha Kiarabu, asikiache pia.

Hatua ya tatu: lugha. Mtume (s.a.w.) alimwagiza Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda mfupi sana. Anayetaka Madina au Cairo aanze Kiarabu leo, na anayetaka Ulaya aimarishe Kiingereza. Dakika thelathini kila siku baada ya Swala ya Alfajiri, kwa mwaka mzima, zina uzito kuliko kozi ya wiki mbili ya kukimbizana.

Hatua ya nne: pasipoti. Utahitaji cheti cha kuzaliwa na kitambulisho au namba ya NIDA kwa aliyefikia umri. Ada ya pasipoti ya kielektroniki, tangu ilipoanza mwaka 2018, ni shilingi 150,000. Ilipwe serikalini kwa namba ya malipo, asipewe mtu mkononi.

Hatua ya tano: barua ya maombi. Vijana wengi huandika, "Mimi ni masikini, naomba mnisaidie." Wanaosoma barua hizo wamezisoma maelfu. Eleza umesoma nini, unataka kusoma nini, na ukirudi utafanya nini. Wewe mtoto wa Geita na Shinyanga una mambo ya kuandika. Je, zaka ya madini inatolewaje? Mkataba kati ya mwenye duara na wachimbaji wake una uhalali gani katika fiqhi? Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu inaharibu vipi maji na afya ya watu wetu? Kijana anayeuliza maswali haya anajulikana ametoka wapi na anataka kurudi wapi.

Hatua ya sita: ruhusa na taarifa. Ukipata nafasi ya shahada nzima, pata kwanza hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka TCU. Ukifika, jiandikishe ubalozi wa Tanzania. Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, serikali yetu iliwarudisha nyumbani Watanzania, wengi wao wakiwa wanafunzi, mwezi huo huo. Katika siku kama hizo, jina lililoko kwenye daftari la ubalozi lina thamani kubwa.

5. JIHADHARINI NA MADALALI

Alama zao ni hizi: anataka fedha kabla hujaomba; anasema ana mtu wake ndani ya chuo; hakuonyeshi tangazo la chuo chenyewe; anakuharakisha usiulize mtu; barua anayokuletea imetumwa kutoka anwani ya kawaida ambayo yeyote anaweza kuifungua. Ukiona mojawapo, simama. Leta karatasi madrasa tuisome pamoja, tufungue ukurasa wa chuo chenyewe tulinganishe. Masharti ya vyuo hubadilika, kwa hiyo msitegemee hata makala hii peke yake. Haraka haraka haina baraka.

6. NENO KWA WAZAZI WA MABINTI

Chuo cha Madina kwa miaka mingi kimekuwa cha wanaume, lakini Riyadh kipo Chuo Kikuu cha Princess Nourah, ambacho ni cha wanawake. Suala la binti kusafiri bila maharimu wanachuoni wamelizungumza kwa kirefu, nao wana kauli tofauti. Mzazi aulize wenye elimu, kisha aamue kwa utulivu. Lakini asimnyime binti cheti cha kuzaliwa, Kiarabu na kidato cha sita kwa sababu ya safari ambayo bado haijafika. Maandalizi hayo yatamfaa hata akisomea hapa hapa.

7. HITIMISHO

Ndugu zangu, sisi tunaishi juu ya dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na tumezoea kudhani utajiri uko chini ya ardhi. Lakini mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulianza mwaka 2009 na ukafika mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Miaka kumi na miwili tu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulipofunguliwa alikuwa bado shule ya msingi ulipofungwa. Elimu ukiitoa haipungui.

Anayetaka kuomba atake ushauri, aswali Swala ya Istikhara, kisha afuate hatua. Akipata, aende akijua anatarajiwa kurudi. Asipopata, aombe tena, na asione haya kusoma nyumbani. Na yule kijana wa mzee wa ng'ombe wawili? Tulianza naye upya kwa cheti cha kuzaliwa. Sasa anasoma kidato cha sita, jina lake ni moja katika karatasi zote, na baba yake huulizia Kiarabu chake kila akija. Muombeeni dua.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Taja tofauti mbili kati ya ufadhili wa shahada nzima na nafasi ya kubadilishana.
2. Jabir bin Abdullah (r.a.) alifanya nini kabla ya kuondoka? Tunajifunza nini?
3. Leta nyumbani cheti chako cha kuzaliwa, cha shule na cha madrasa. Je, jina ni moja? Kama si moja, mwambie mzazi wako leo.

Wabillahi tawfiq.
Mwalimu wenu wa Fiqhi na Lugha ya Kiarabu