Kompyuta ya Kikundi Ikikataa Kuamka



Siku hizi vikundi vingi vimeweka hesabu za akiba na mikopo katika kompyuta ya mezani. Ni jambo jema, lakini siku mashine inapokataa kuamka, watu pia hukosana. Tulifika kwa kikundi kimoja cha akina mama wiki ile ya kugawana akiba, tukakuta wamenuniana. Kompyuta ilikuwa inawaka, lakini skrini ilikuwa nyeusi na maneno machache ya Kiingereza. Wengine walishaanza kunong'ona kwamba mama mweka hazina ameiharibu makusudi ili afiche deni. Na kijana fundi alikuwa ameshika flashi mkononi, tayari kufuta kila kitu na kuweka Windows upya.

Tulimwomba angoje kidogo. Somo hili limetokana na siku hiyo.

MANENO HAYO YANASEMA NINI?

Kompyuta yaweza kuandika "No bootable device", au "Boot device not found", au "Operating system not found". Maana yake ni karibu moja: nimetafuta diski ya kuanzia kazi sikuiona, ama nimeiona lakini sikupata ndani yake programu ya kuniamsha. Haisemi kwamba hesabu zenu zimepotea.

Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna programu ndogo iitwayo BIOS. Ukiwasha stima, hiyo ndiyo huamka kwanza, kama bawabu wa ghala. Inakagua vifaa, halafu inafuata orodha yake: nianze na flashi, na CD, au na diski? Ikipata diski, inaita Windows iliyomo humo ije kazini. Hesabu zenu kwa kawaida zimekaa kwenye diski hiyo hiyo. Sasa bawabu akikosa kuuona mlango, je, mahindi yameibwa? La. Tutafute mlango kwanza.

HATUA ZA KUFUATA

Anzeni na lisilo na gharama.

1. Ondoeni vitu vya nje. Zimeni kompyuta, mtoe flashi, CD na kadi ya simu iliyochomekwa. Huenda bawabu anajaribu kuanzia kwenye flashi ya mtu isiyo na Windows. Washeni tena. Mara nyingine shida huishia hapo.

2. Ingieni kwenye BIOS. Mara tu mkiwasha, bonyezeni kibodi mara kadhaa: F2 au Delete, na kwa mashine nyingine F10 au Esc. Mara nyingi skrini yenyewe huonyesha ni ipi. Humo msibadilishe kitu kabla ya kukiandika kwenye karatasi jinsi kilivyokuwa. Angalieni mambo matatu:

a) Je, jina la diski linaonekana? Kama halionekani, nendeni hatua ya 3.

b) Je, diski ni ya kwanza katika orodha ya kuanzia? Kama iko chini, ipandisheni juu, halafu mhifadhi. Mara nyingi ni kwa F10.

c) Je, tarehe ni sawa? Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha. Ni ya duara kama sarafu, na kwa kawaida imeandikwa CR2032, volti 3. Ikifa, BIOS husahau orodha yake kila stima ikikatwa. Chomoeni waya wa stima, mweke betri mpya ikitazama upande ule ule wa ile ya zamani, kisha mrekebishe tarehe na orodha.

3. Kagueni nyaya za diski. Zimeni, mchomoe waya wa stima ukutani, mbonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungueni kifuniko cha ubavuni, mguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Sanduku la stima lililo ndani ya kasha lisifunguliwe kabisa, ni hatari. Diski nyingi huwa na nyaya mbili: mmoja wa stima na mmoja mwembamba wa kupitisha habari. Sukumeni kila ncha iingie sawasawa. Mashine iliyobebwa kwa pikipiki kwenye barabara mbovu hulegea nyaya, na panya nao huzitafuna.

4. Sikilizeni. Diski ya kuzunguka ikilia tik, tik, tik, inaumwa. Zimeni mara moja, msijaribu tena na tena, kwa maana kila jaribio laweza kuzidisha uharibifu. Diski za aina ya SSD hazilii, kwa hivyo ukimya wake si dalili ya uzima.

MKIMWITA FUNDI

Ikiwa diski inaonekana na iko ya kwanza, na bado kompyuta haiamki, huenda Windows imeharibika au diski yenyewe ni mgonjwa. Hapo mwiteni fundi, lakini mwambieni mbele ya watu: "Nakili hesabu zetu kwanza, ndipo utengeneze." Fundi anaweza kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine. Hiyo nyingine ikiuliza kama ifomati diski, jibu ni Cancel. Kufomati ni kufuta.

Wasimamizi wawili wakae naye, kwa sababu humo mna nambari za vitambulisho na madeni ya watu, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataka habari za watu zilindwe. Hata akisema diski imekufa, arudishe diski yenu.

TULIJIFUNZA NINI?

Kwa wale akina mama, tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Betri ndogo ilinunuliwa, orodha ikarekebishwa, na hesabu zote zikaonekana, pamoja na za mweka hazina ambaye hakuwa na deni lolote. Kama flashi ya yule kijana ingetangulia, nani angeweza kumtetea? Kosa lao lilikuwa kuweka hesabu mahali pamoja tu. Sasa kila mwezi wananakili kwenye flashi inayokaa kwa katibu, na kuchapa ukurasa mmoja unaotiwa sahihi mkutanoni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kompyuta yetu ikikataa kuamka leo, tuna nakala wapi?
2. Nani ana ruhusa ya kuifungua, na mbele ya nani?
3. Tunafanyaje ili lawama isimwangukie mtu kabla ya kujua chanzo?