Moshi, Krimu na Haki ya Jirani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Hadithi ya 32 katika Arobaini za Imam Nawawi ni fupi, lakini wanazuoni wamejenga juu yake kanuni kubwa ya fiqhi: Muislamu haruhusiwi kusababisha madhara, wala kulipiza madhara kwa madhara. Tuipime kanuni hii ndani ya chumba cha hosteli hapa Kampala.

1. Krimu za kung'arisha ngozi

Baadhi ya krimu na sabuni hizi zina zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili. Zebaki hupenya mwilini na kuharibu figo. Mtu husema, "Mwili ni wangu." Tunamjibu mara mbili. Kwanza, mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu. Pili, madhara hayaishii kwake. Zebaki hubaki kwenye taulo na shuka na hutoa mvuke, kwa hiyo wenzake wa chumbani huivuta bila kujua. Majirani zetu wa Rwanda walianza msako mkali wa krimu hizi madukani mwishoni mwa 2018.

Kabla ya kununua, soma kibandiko. Neno "mercury" au "calomel" maana yake ni zebaki. Onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini pia ni dalili yake. Isiyoandikwa viambato kabisa, iache dukani.

2. Moshi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa chembe laini za hewani usizidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka. Vipimo vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere vinaonyesha Kampala imepita kiwango hicho mara kadhaa. Barabara hatuimiliki, lakini njia ya kupita tunaichagua: ukiweza, pita ndani, mbali na foleni ya magari na bodaboda.

Chumba ni jukumu letu wenyewe. Jiko la makaa likiwaka mlango umefungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, nayo huua. Pikia nje. Udi nao ni moshi, hata ukinukia. Ufukize madirisha yakiwa wazi, kabla watu hawajajaa msikitini.

Kumbuka kuwa Mtume (S.A.W.) alimzuia aliyekula kitunguu au thumu mbichi asikaribie msikiti, kwa kuwa harufu yake huwaudhi wengine. Ikiwa harufu tu imezuiwa, vipi sumu inayoingia kifuani mwa mwenye pumu aliye safu moja nawe?

Swali la halaka: ni kitu gani chumbani mwako kinachomdhuru mwenzako naye anakuonea haya kukwambia?

Wallahu a'lam.