Kibindoni au Kifundoni? Mahali pa Kufunga Kipochi cha Fedha Safarini

Mfanyabiashara wa genge anayetoka Makumira alfajiri ya Jumamosi kwenda gulioni Tengeru akiwa na mtaji wa shilingi 400,000 hubeba noti 40 za shilingi 10,000, kwani hiyo ndiyo noti kubwa kuliko zote nchini. Atapanda daladala iliyojaa, atapenya katikati ya watu, atainama kukagua nyanya na vitunguu, na pengine atarejea kwa bodaboda. Fedha hizo zikipotea, genge halifunguliwi siku inayofuata. Kwa hiyo, mahali pa kuziweka mwilini panastahili kufikiriwa kabla ya safari.

Wazee wetu walitumia kibindo, yaani pindo la nguo lililokazwa kiunoni. Siku hizi mlaji huuziwa vipochi vya kufunga kiunoni, vya kuning'iniza kifuani, na vya kufunga kwenye kifundo cha mguu chini ya suruali. Kila muuzaji husifu chake. Sisi tunamshauri mlaji ajiulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha yake: Nitakifungua kipochi mara ngapi? Nitavaa nini, na nitakaa vipi? Je, mwili wangu unakihimili?

Kiunoni

Mahali hapa panafaa kwa anayehitaji fedha mara kwa mara, kwa sababu mkono hufika upesi. Kipochi kivaliwe ndani ya nguo na kielekee mbele, kamwe kisielekee mgongoni. Kasoro yake ni kwamba katika msongamano kiuno ndicho kinachosukumwa na kupapaswa zaidi.

Kifuani

Kipochi cha kifuani hufichika vizuri chini ya koti au sweta, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo baridi ya Mlima Meru huwalazimu watu kuvaa nguo nzito. Wakati wa joto, chini ya shati jepesi, umbo lake huonekana. Aidha, uzi mwembamba wa shingoni hukatika au huvutwa kwa urahisi. Afadhali mkanda mpana unaopita begani na chini ya kwapa.

Kifundoni

Hapa ni mahali pa akiba, si pa matumizi. Anayetaka kutoa fedha kifundoni hulazimika kuinama na kupandisha suruali, na wote walio karibu humwona. Kwa hiyo ziwekwe huko fedha zile tu ambazo hazitaguswa hadi mwisho wa safari.

Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, upande wa ndani wa mguu wa kushoto ndio unaofaa zaidi. Mkono wa kulia huufikia bila kujipinda, na mguu mwingine hukikinga kipochi kisigongwe na viti. Anayepanda bodaboda ana sababu nyingine ya kuchagua mguu wa kushoto: pikipiki nyingi za abiria zina bomba la moshi upande wa kulia, nalo huwa na moto mkali. Suruali iwe pana na ndefu, kwa kuwa mtu akiketi au akipanda pikipiki pindo lake hupanda. Anayevaa gauni, sketi au kaputula asichague mahali hapa.

Msimu wa masika, tope na maji hufika kifundoni kabla ya kufika mahali pengine. Noti zifungwe kwanza ndani ya kifuko kisichopitisha maji.

Afya nayo izingatiwe. Mguu huvimba kidogo baada ya kukaa au kutembea kwa muda mrefu, na mkanda uliokuwa sawa asubuhi huweza kubana jioni. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila taabu. Ukihisi ganzi au maumivu, ufungue. Mwenye kisukari, mishipa iliyovimba au kidonda mguuni asifunge kitu mahali hapo bila ushauri wa daktari.

Jaribio la nyumbani

Kata karatasi zenye ukubwa na idadi ya noti unazokusudia kubeba, uziweke ndani ya kipochi na ukivae kwa saa moja. Tembea, panda ngazi, chuchumaa, kaa kwenye kigoda. Kisha mwombe mtu wa nyumbani akutazame na akuambie kipochi kipo wapi. Mara nyingi hatakitambua kwa umbo lake bali kwa mkono wako, kwa sababu mwenye kipochi kinachoteleza hukigusa kila hatua. Mkono wa mwenye fedha ndio unaomwonyesha mwizi njia. Kipochi kinachokulazimisha kukigusa hakijafichika, hata kama hakionekani.

Wakati wa kununua

Vuta mshono kwa nguvu ya wastani. Funga na kufungua zipu mara kumi. Mkanda wa kunata ukaguliwe iwapo unashika hata ukiwa na vumbi. Muuzaji akidai kwamba kipochi hakipitishi maji, mwombe akuthibitishie kwa maji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Dai risiti na uitunze, kwani malalamiko yasiyo na risiti ni magumu kuyathibitisha.

Kanuni tatu za kukumbuka

Kwanza, usiweke fedha zote mahali pamoja. Nauli na fedha ndogondogo zikae mfukoni, ili kipochi kisifunguliwe mbele ya watu.

Pili, kiasi ambacho hukihitaji siku hiyo kibaki benki au kwenye akaunti ya simu, na namba ya siri isiandikwe kwenye karatasi inayokaa ndani ya kipochi.

Tatu, ukitishiwa kwa silaha, toa fedha, kisha toa taarifa polisi. Kipochi kimetengenezwa kukukinga dhidi ya mkono wa kificho wa mchomoaji, hakikutengenezwa kukutia katika mapambano. Mtaji huweza kutafutwa upya. Uhai haununuliwi katika gulio lolote.