Kulea Vifaranga Wasio na Mama Katika Baridi ya Njombe na Makambako

Kifaranga aliyetotolewa leo ana umbo la ndege, lakini kwa siku zake za kwanza hali yake ni kama ya mjusi. Umemwona mjusi asubuhi ya mwezi wa saba, alalavyo juu ya jiwe akilingoja jua, wala hawezi kukimbia mpaka mwili wake upate moto. Kifaranga naye hawezi kujipasha moto vya kutosha. Manyoya yake ni malaika tu, na joto limtoshalo hulipata kwa mama yake au kwako wewe. Tofauti yao ni kwamba mjusi akipoa hulala, akaamka jua litokapo, bali kifaranga akipoa usiku pengine hafiki mapambazuko.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na tangu mwezi wa sita hata wa nane baridi yake yajulikana, hata mabondeni huonekana sakitu. Makambako ni chini kidogo, lakini upepo wake hupenya kila ufa. Basi usimwige mfugaji wa Dar es Salaam, ambaye taa moja ndogo humtosha.

Wakulima wengi hununua vifaranga wa siku moja waletwao kwa basi ndani ya maboksi. Husafiri bila chakula kwa kuwa kiini cha yai kimebaki tumboni mwao, nacho huwalisha kwa siku mbili au tatu. Siku hizo zikiisha hawana akiba tena. Kwa hiyo mahali pao pawe tayari, tena pawe na moto, saa kadhaa kabla basi halijafika. Si vema kuanza kutafuta mkaa na huku boksi liko mlangoni.

Fanya duara kwa mabati, mikeka au maboksi magumu. Duara yenye upana wa mita moja na nusu yatosha vifaranga 50 kwa juma la kwanza. Isiwe na pembe, maana vifaranga wakiona baridi hujisonga pembeni, na walio chini hukosa pumzi. Sakafuni mwaga maranda makavu ya mbao, ambayo huku kwetu hayana taabu kuyapata, kina cha vidole vitatu. Usitumie unga wa msumeno, kwa kuwa wataula. Wala usitandike karatasi laini, maana miguu yao huteleza ikapanuka, na kifaranga wa namna hiyo mara nyingi hasimami tena.

Joto la juma la kwanza liwe nyuzi 32 hata 35, kisha lipungue kama nyuzi 3 kila juma. Ikiwa huna kipima joto, usihuzunike. Vifaranga wenyewe watakuambia. Wakirundikana karibu na moto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakiukimbia moto, wakatanua mabawa na kutweta, joto limezidi. Wote wakihamia upande mmoja, upepo waingia upande wa pili; tafuta tundu uzibe. Wakitawanyika, huyu anakula na huyu amelala, basi umefanya vema. Watazame hasa kabla ya mapambazuko, maana hiyo ndiyo saa ya baridi kuu, na mchana hautakuonyesha kosa lako.

Sasa habari ya mkaa, nayo isome mara mbili. Mkaa wa miwati huwaka vizuri na kukaa muda mrefu, tena haujapungua huku ambako Kampuni ya Miwati ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1949. Lakini mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kifaranga na huua mtu. Usidhani ya kuwa moshi ukiisha hatari imeisha. Washa jiko nje mpaka mkaa uwe mwekundu wote, ndipo uliingize; na chumba kiwe na matundu ya hewa juu ya ukuta, karibu na dari, yasiyozibwa hata usiku wa baridi kali. Mtu yeyote, mtoto au mkubwa, asilale katika chumba chenye jiko hilo, wala katika chumba cha pili ambacho hewa zake huchanganyika. Anayewalinda vifaranga alale kwingine, aamke kuwatazama. Jiko lizungushiwe wavu au mabati, maranda yasilifikie.

Mwenye umeme atumie taa zile zitoazo joto. Taa za kisasa zisizo na joto hazifai kazi hii. Umeme ukikatika, tia maji ya moto katika madumu, yafunge kwa kitambaa, uyaweke ndani ya duara.

Wafikapo, wape kwanza maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, ukiwachovya midomo mmoja mmoja. Chombo kiwe kifupi, na ndani yake tia vijiwe, wasizame. Baada ya hapo chakula. Pumba peke yake haimkuzi kifaranga. Ahitaji chakula cha kujenga mwili, kama mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, au chakula cha vifaranga cha dukani kwa majuma ya kwanza. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape kabisa, hata kama ni ghali kuyatupa: sumukuvu huharibu ini. Panapo vichuguu, mchwa ni chakula chema sana.

Jua nalo lina kazi. Vifaranga wafungwao gizani majuma mengi huota miguu dhaifu na mifupa laini. Tangu juma la pili, mchana usio na upepo, wape nafasi ya jua pamoja na kivuli.

Maranda yaliyolowa yaondoe siku hiyo hiyo, maana unyevu huleta kuhara damu. Mdondo hauna dawa ya kuuponya, ila chanjo ya kuuzuia: tone moja jichoni, juma la kwanza na tena la tatu, kisha kila miezi mitatu. Chanjo ya gumboro hutolewa kwa kawaida juma la pili. Muulize afisa mifugo wa kata yako siku zake kabla ya kununua vifaranga.

Pwani moto huondolewa juma la tatu au la nne. Huku ngoja manyoya kamili yaote, yaani kama juma la sita wakati wa kipupwe, ukiuondoa kwanza mchana na baadaye usiku. Usiwachanganye upesi na kuku wakubwa, na siku za kwanza nje wafunike kwa tenga, maana mwewe wa Njombe hawahi kukosa kuona.