Kitanda cha Wodi Kikavu si Lazima Kiwe Safi

Saa za kuona wagonjwa zikifika, wodi hujaa mara moja. Mmoja huketi ukingoni mwa kitanda, mwingine huutoa mkoba sakafuni na kuuweka juu ya blanketi, wa tatu hushika chuma cha pembeni huku akimjulia hali mgonjwa. Chuma hicho kimeshikwa na watu wengi siku hiyo, na kukitazama tu hakukuambii kimebeba nini.

Bakteria hawahitaji uchafu unaoonekana. Staphylococcus aureus, ambaye huambukiza vidonda vya upasuaji, anaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu kwa siku 7 hadi miezi 7. Kwa hivyo mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani Januari na kitanda chake kisisafishwe vizuri, atakayelazwa hapo Machi anaweza kuwakuta. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya 100 wanaolazwa hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7.

Wengi hudhani harufu ya jiki ndiyo usafi. Sivyo. Damu na matapishi humaliza nguvu ya klorini kabla haijawafikia bakteria, ndiyo maana sabuni na maji hutangulia, kisha klorini ifuate na iachwe kwa dakika 10. Kwa mahali palipomwagika damu hutumika klorini ya asilimia 0.5. Ikiwa jiki ni ya asilimia 3.5, kipimo kimoja huchanganywa na vipimo 6 vya maji, na mchanganyiko hutengenezwa upya kila siku. Kitambaa kimoja kikipangusa vitanda sita, kinahamisha bakteria tu. Nawe unayemtunza mgonjwa nyumbani, usichanganye kamwe jiki na asidi ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Unapomtembelea mgonjwa, safisha mikono kabla ya kumgusa na tena unapoondoka: sekunde 40 hadi 60 kwa sabuni na maji, au 20 hadi 30 kwa sanitaiza. Mgonjwa akiwa anaharisha, tumia sabuni na maji, kwani kuna bakteria wa kuharisha ambao sanitaiza haiwaui. Usiguse dripu, katheta wala bendeji. Simu nayo ipangusiwe, maana tunaishika kila mahali.

Kumuuliza daktari au muuguzi kwa upole kama amenawa si utovu wa adabu. Na bomba la wodi likikauka au sabuni ikiisha, mwambie muuguzi msimamizi siku hiyo hiyo.