Darsa ya Nikaha: Binti Aliyekimbia Masafa

Katika darsa zetu za baina ya Magharibi na Isha tumefika kwenye mlango wa mawalii, na ndani ya mlango huo imo masiala moja ambayo sisi watu wa pwani huipita kwa haraka, tukidhani ni ya vitabuni tu: masiala ya walii aliye mbali. Ndugu zetu Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera hawaipiti kwa haraka. Kwao ina jina, huiita masaafo, yaani masafa, na wapo vijana wao wanaoitumia hata leo. Sisi ilitujia mlangoni katika mwaka 2023, na tumeona kheri tuisomeshe kwa kuifuata khabari ya hao walioileta, majina yao tukiyasitiri.

Usiku mmoja baada ya Isha walifika kwetu kijana mume wa miaka 26 na binti wa miaka 20. Walikuwa wameshuka katika basi litokalo Garissa kwa njia ya Hola na Garsen, na nguo zao zimejaa vumbi. Kijana akasema: "Maalim, twataka utuoze usiku huu." Tukamwuliza: "Walii wake yuko wapi?" Akatujibu jibu alilokuwa amelitayarisha tangu njiani: "Yuko zaidi ya marhala mbili."

Hatukumjibu neno. Binti tulimpeleka ndani kwa watu wetu wa nyumbani, akapewa maji ya kuoga na chakula, na kijana akalala msikitini pamoja na wanafunzi. Asubuhi tukamwuliza kila mmoja peke yake jinsi walivyojuana, na maneno yao yalikuwa mamoja.

Walikutana mwaka 2022. Wasomaji wetu wataukumbuka ukame ulioipiga nchi ile tangu mwishoni mwa mwaka 2020. Misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya mvua ya kutosha, na wanyama wakafa makundi kwa makundi, hata vijiji vikawa vyaletewa maji kwa malori. Kijana huyu alikuwa utingo wa lori moja la maji. Lori likifika kijijini, wanaume wenye mifugo husukumana mbele, na wanawake na punda wao hubaki nyuma mpaka maji yakaribie kwisha. Siku moja akamwona binti amesimama kando na punda wake na madumu manne, hasukumi wala hapigi kelele. Akaushika mpira wa maji, akaupitisha juu ya vichwa vya watu mpaka kwake, akamjazia madumu yote manne, kisha akarudi kazini mwake. Binti alimsimulia baba yake aliyoyaona, na baba akasema: "Huyo ana adabu." Lori lilikuwa likija mara mbili kwa mwezi. Safari ya nne ndipo waliposalimiana. Binti aliwaambia watu wetu wa nyumbani kuwa ilifika hadi akiijua ngurumo ya lori lile kabla halijaonekana.

Msomaji aijuaye Sura ya Al-Qasas amekwisha kutabasamu. Nabii Musa (A.S.) aliyafikia maji ya Madyan naye ni mkimbizi asiye na chochote, akawakuta watu wananywesha wanyama wao, na kando wako wanawake wawili wanawazuia wao. Alipowauliza, wakamweleza kuwa hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na kuwa baba yao ni mzee sana. Akawanyweshea, kisha akajitenga kivulini, akamwomba Mola wake. Baadaye akaja mmoja wao akienda kwa haya, akamwita kwa baba yake, na mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri mtu yule mwenye nguvu na amana. Mzee akafahamu. Akamtolea Musa mmoja wa binti zake kwa kazi ya miaka minane, na akitimiza kumi, basi ni kwa hiari yake. (Wengi wamesema mzee yule ni Nabii Shuaib, na wengine wamelikataa hilo, Qurani yenyewe haikumtaja jina.)

Tuangalie nani alisema nini. Binti alisema kwanza, na hakutukanwa. Baba ndiye aliyeanza neno la ndoa, wala hakuona aibu kumtolea binti yake mgeni asiye na mali. Sisi leo baba akifanya hivyo twasema amemtupa mtoto.

Tena wasidhani wasomaji wetu kuwa mapenzi ni jambo geni kwa watu wale kwa kuwa ni watu wa nyika na ngamia. Tangu zamani wasichana wao huchunga mbuzi na kondoo, na wavulana huenda mbali na ngamia, na mvua zikinyesha kambi hukaribiana, na vijana huonana. Wasomali wote wamjua Elmi Bodhari, mwoka mikate wa Berbera aliyefariki mwanzoni mwa miaka ya 1940, ambaye husemwa kuwa alikufa kwa kumpenda Hodan aliyeolewa na mwingine. Wala dini yetu haimcheki apendaye. Mughith alipoachwa na Barira alikuwa akimfuata katika njia za Madina, machozi yakimtiririka ndevuni, na Mtume (S.A.W.) alimhurumia hata akamwombea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipojibiwa kuwa ni kuombewa tu, akakataa, na hakulazimishwa. Huruma ilikuwa kwa Mughith, na hiari ikabaki kwa Barira.

Turudi kwa watu wetu. Mwanzo wa mwaka 2023 kijana alituma wazee wakapose kwa desturi. Mzee aliwapokea vizuri, akawapa chai, akawakatalia. Hakukataa kwa dini ya kijana wala kwa asili yake. Alikataa kwa sababu kijana hana ngamia.

Hapa yafaa tubainishe, maana wengi huchanganya. Katika desturi ya Wasomali yako mali kadha wa kadha katika ndoa. Iko gabbati, zawadi wapewayo jamaa wa binti posa inapokubaliwa. Iko yarad, mali kubwa wapewayo baba na jamaa zake, ambayo asili yake ni ngamia. Na iko mahari, ambayo ni haki ya mwanamke mwenyewe. Sharia katika hayo imewajibisha mahari tu. Zawadi ni zawadi, mwenye kutoa kwa radhi hazuiwi. Lakini yarad ikigeuka kuwa kufuli, asiye na ngamia asioe na binti asiolewe, basi desturi imekalia kiti kisicho chake.

Lakini hatutamcheka mzee huyu. Kabla ya ukame alikuwa na ngamia arubaini, na ulipokwisha walibaki watatu. Tumaini lake la kusimama tena lilikuwa ni yarad ya binti huyu. Sisi wa mijini tupatao mshahara au mapato ya duka twasema upesi kuwa wazee wale wana tamaa, nasi hatujapata kumwona mzoga wa ngamia wetu hata mmoja.

Basi kijana akashauriwa na wenziwe masafa. Asili ya masafa ni hii. Wanazuoni wa madhhabu yetu ya Shafii, na katika hao Imamu Nawawi ndani ya Minhaj, wamesema kuwa walii wa karibu akiwa ameghibu mwendo wa marhala mbili, sultani huoza badala yake, na akiwa chini ya hapo haoizwi binti ila kwa idhini ya walii. Marhala mbili ni mwendo wa siku mbili wa ngamia waliobeba mizigo, nao wakadiriwa kuwa kilomita 80 na kitu, na wengine huzifikisha 90. Ndipo vijana wakasema: ikiwa walii hakuenda mbali nasi, sisi tutakwenda mbali naye. Zamani jambo hili lilikuwa zito. Huo ni usiku na mchana wa kutembea, na jamaa wako nyuma na silaha. Na tangu Waingereza walipoifunga nchi ile mwaka 1926, mtu hatoki wala haingii ila kwa cheti, basi safari ya pwani ilikuwa ndoto. Leo Dadaab iko yapata kilomita 100 kutoka Garissa, na gari huzimaliza kabla chai haijapoa tumboni.

Sisi hatusemi kuwa nikaha zilizokwisha kufungwa kwa njia hii ni batili. Wapo wanazuoni wa nchi ile waliozisahihisha, na hatuna ruhusa ya kuwatia watu shaka katika watoto wao. Lakini twasema kuwa hukumu hii iliwekwa kwa huruma ya mwanamke aliyeachwa na walii msafiri, khabari zake hazipatikani, naye asikae miaka akingoja. Mzee aliye na simu mfukoni, nasi tunayo namba yake, ameghibu vipi? Tena aozaye katika masiala hii ni sultani, na naibu wake ni kadhi, si kila mwenye kilemba. Katika Kenya makadhi wamo ndani ya Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka nikaha ya Kiislamu isomwe na aliyepewa idhini na msajili. Tuache pia kuwa binti na kijana asiye maharimu wake walisafiri pamoja mwendo wote ule, na hilo lenyewe tuliwakemea nalo.

Mlango uliokuwa wazi kwao ni mwingine, ule wa walii kuzuia bila ya haki. Binti baleghe mwenye akili akitaka kuolewa na aliye kufu yake, na walii akakataa, kadhi humwita, na akithibitisha kukataa kwake humwoza yeye. Uchache wa mahari si udhuru wa walii, kwa kuwa mahari si yake. Wala umasikini haumtoi mtu katika ukufu kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhhabu. Ni kweli kuwa wamesema pia, baba akimletea bikira kufu mwingine, chaguo la baba hutangulia. Kauli hii sisi hatuna raha nayo, kwani imepokewa kuwa bikira aliyeozwa naye hataki alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), akampa khiari. Lakini hapa hapakuwa na mposaji mwingine hata mmoja. Palikuwa na kungoja ngamia.

Basi tukamwuliza binti kwa nini hakwenda kwa kadhi wa Garissa. Akasema: "Nimshitaki baba yangu mbele ya watu? Kukimbia watu husahau." Tulinyamaza kidogo kwa jibu hilo. Katika vitabu mlango ni mmoja tu, lakini aliyetakiwa aufungue alikuwa ni mtoto anayempenda baba yake.

Tukampigia mzee simu. Tulipojitaja, hakuuliza yuko wapi wala yuko na nani. Aliuliza: "Yu hai?" Siku ya tatu akafika. Alipoketi barazani neno lake la kwanza lilikuwa: "Mmekwisha kumwoza?" Tukamwambia: "La, twakungoja wewe." Akaomba maji, akanywa, akaomba tena.

Tulimsimulia khabari ya Maqil bin Yasar, sahaba aliyemwoza dada yake, mume akamwacha hata eda ikaisha, kisha akarudi kumposa. Maqil akaapa kuwa hatamrudishia kabisa, naye dada amtaka. Ikateremshwa aya katika Sura ya Al-Baqara ya kuwakataza mawalii kuwazuia wanawake, na Maqil aliposomewa akatii pale pale, akamwoza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Maalim, Maqil hakufiwa na ngamia."

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatujalipata. Tukakaa kimya sote. Kisha yeye mwenyewe akataka kijana aitwe. Akamtazama, akamwuliza: "Wewe ndiye wa mpira wa maji?" Kijana akasema, kichwa chini: "Ndimi, adeer." Neno hilo kwao ni baba mdogo, na ndilo waitalo wazee kwa heshima.

Maneno yaliyofuata hayakuwa marefu. Kijana alijitolea kila apatapo nafasi aje amsaidie mzee kulichimba na kulijengea birika la kukingia maji ya mvua. Mzee alitaka kazi hiyo iandikwe kuwa ndiyo mahari, akiukumbuka mkataba wa Madyan tuliokuwa tumeusoma. Tukamweleza kuwa mahari ni haki ya binti, na manufaa ya kazi ile ni ya baba. Basi kazi iwe hisani, na mahari aulizwe mwenyewe. Aliulizwa pazia likiwa kati yetu. Akasema ataka ngamia jike mmoja, apewe kijana atakapojaliwa, kwa kuwa mahari yafaa kucheleweshwa, na ngamia huyo akae katika kundi la baba yake. Mzee aliposikia alijifunika uso kwa ncha ya kilemba. Tukasoma Fatiha ya posa, na kesho yake binti akarudi Garissa na baba yake, na kijana akapanda basi jingine.

Nikaha yao ilisomwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 2023, na baba ndiye aliyemwoza binti yake kwa ulimi wake. Sisi tulialikwa, lakini mvua zilizokosekana miaka yote ile zilikuja kwa pamoja, Mto Tana ukafurika na njia zikakatika. Tuliisikia ijabu na kabuli kwa simu, na mzee alilazimika kuyakariri maneno yake mara mbili, kwa jinsi mvua ilivyokuwa ikiyapiga mabati.