Betri Inayokufa Usiku: Maswali ya Wenye Magari ya Zamani wa Nanyamba

Gari la Nanyamba halina likizo. Linapandisha maji, linapeleka korosho ghala la chama cha msingi, na wakati wa kupulizia mikorosho linabeba magunia ya salfa. Mengi ni Hilux, Land Cruiser na Land Rover za miaka mingi, zilizopitia mikono ya mafundi kadhaa, na kila mmoja ameacha waya wake. Haya ndiyo maswali yanayoletwa zaidi gereji.

Fundi, pikapu naiegesha jioni ikiwa nzima, asubuhi stata inalia "tik" tu. Nimeshanunua betri mbili. Ninunue ya tatu?

Hapana. Inaniuma kuona mkulima anatoa hela ya msimu kununua betri ambayo nayo itakufa vilevile. Anza na mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imeisha. Kisha washa injini upime tena palepale kwenye vichwa vya betri. Ukipata kati ya 13.8 na 14.4, altaneta inachaji. Mita ikibaki 12 na kitu, hakuna anayeiba umeme usiku: betri hailishwi mchana. Kagua mkanda, altaneta na nyaya zake.

Altaneta inachaji vizuri. Nitajuaje kama umeme unavuja gari likiwa limezimwa?

Zima kila kitu, chomoa ufunguo, funga milango. Fungua waya wa hasi, halafu kati ya waya huo na kichwa cha betri weka kwanza taa ndogo ya volti 12, si mita. Taa ikiwaka kwa nguvu, umeme mwingi unapita, na mita ingeungua fyuzi yake. Ikiwaka kwa mbali au isipowaka, sasa weka mita kwenye ampea 10, mahali palepale pa taa. Mita ikiwa hapo, usiguse stata kabisa.

Gari la zamani lililolala linatakiwa kula chini ya miliampea 50. Fanya hesabu: ampea moja inayovuja mchana na usiku inakula ampea-saa 24, na betri nyingi za pikapu ndogo zina kama 60. Siku ya pili stata haina nguvu. Hata taa ya wati 5 ndani ya kisanduku cha dashibodi, isiyozimika kwa sababu mfuniko haufungi sawasawa, inakula karibu ampea-saa 10 kwa siku.

Mita ikionyesha mvujo, chomoa fyuzi moja moja huku mwenzako akiitazama. Fyuzi itakayoshusha namba ndiyo yenye njia mbovu. Usirudishe zote na kusahau ni ipi, andika.

Nimechomoa fyuzi zote, namba haishuki.

Basi umeme unapita njia isiyo na fyuzi. Altaneta ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Iguse gari likiwa limezimwa usiku kucha: injini ikiwa baridi na altaneta ina joto, dayodi zimekufa na umeme unarudi nyuma. Kuthibitisha, toa hasi ya betri, fungua waya mnene wa altaneta, ufunge vizuri usiguse bodi, kisha pima upya. Baada ya hapo fuata stata na swichi ya ufunguo.

Angalia pia redio na alamu zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri. Kwenye Land Cruiser za dizeli za volti 24, redio iliyovutwa kwenye betri moja kati ya mbili huimaliza hiyo moja, na mwenye gari analaumu kiwanda. Land Rover za Series IIA nazo zina fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazipiti humo.

Fyuzi ya taa za nyuma inaungua kila nikiweka mpya. Jamaa ameweka kipande cha waya na sasa inafanya kazi.

Kitoe leo, kabla gari halijatoka uani. Hiyo ni shoti, si mvujo. Fyuzi ilikuwa inakatika ili nyaya zisiungue. Sasa kitakachoungua ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi au karibu na tangi, pengine na watu wamekaa juu ya magunia.

Badala ya kuchoma fyuzi, chukua taa kubwa ya wati 55, iunganishe mahali pa fyuzi. Inaruhusu ampea nne na nusu hivi tu, kwa hiyo nyaya zinabaki salama. Shoti ikiwepo, taa itawaka kwa nguvu zote. Sasa chomoa taa za nyuma moja moja. Ikibaki kali, tikisa nyaya kipande kwa kipande, mwenzako akiitazama. Itakapofifia ghafla, mkono wako uko kwenye kidonda. Anza na soketi ya tela, mahali waya unapopita kwenye tundu la bati lisilo na mpira, chini ya bodi karibu na ekzosi, na popote panya walipolala. Gari linaloegeshwa jirani na korosho panya wanalipenda.

Ukipapata, kata sehemu iliyoungua, unga waya wa unene uleule, rudisha mpira kwenye tundu. Tepu peke yake juu ya ukingo wa bati haidumu kwenye barabara ya Tandahimba.

Chumvi ya Msimbati na salfa ya mikorosho zinachangia?

Sana. Salfa huifanya shaba kuwa nyeusi, na mguso unakuwa dhaifu. Chumvi yenye unyevu hutengeneza njia ya umeme kati ya pini za soketi. Hata uchafu juu ya betri hupitisha: weka ncha moja ya mita kwenye hasi, nyingine kwenye plastiki ya juu. Ikisoma volti, osha kwa maji yenye baikaboneti, vifuniko vikiwa vimefungwa.

Moshi ukitoka kwenye dashibodi njiani kwenda Kilambo, nianze na nini?

Zima injini, shusha watu, fungua hasi kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeongeza shoti ya pili. Kwa Land Rover za kabla ya 1967 hivi, nyingi chanya ndiyo iko kwenye bodi, kwa hiyo angalia waya gani unaokwenda kwenye bodi na uanze na huo. Kwa Toyota nyingi ni spana namba 10; isikae chini ya magunia.